Sindano Kwenye Kiberiti

Baba alipozikwa, wadogo zangu waligawana vitu vyake bila ugomvi, maana havikuwa vingi. Mmoja alichukua baiskeli, mwingine koti na saa ya ukutani. Fono waliniletea mimi, imefungwa kwa shuka, wakaiweka juu ya meza yangu ya kulia. "Hii ni yako," wakasema. "Wewe njo ulileta sindano." Niliwapa chai, wakanywa, wakaenda. Nikafunua kifuniko. Harufu ya mafuta ya cherehani ikanipanda puani, ile ile ya siku zile, nikafunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani.

Fono ndivyo tulivyoiita sisi wa Lubumbashi, tunaosema njo badala ya ndiyo. Wengine husema kinanda cha santuri, wengine gramofoni. Hii ni sanduku la mbao lenye mpini wa kubebea, la umeme, na spika yake imo ndani ya kifuniko. Ukoo mzima unajua kwamba sindano yake niliileta mimi, nikiwa mtoto wa miaka tisa. Nilivyoileta, hakuna anayejua vizuri. Baba alijua. Mama anajua nusu. Na ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto pale mtaa wa Katuba wakati mambo yote yalipobomoka, najua kila mmoja ana jambo lake la kuficha, msinidanganye. Langu ni hili.

Kwanza fono haikuwa yetu. Ilikuwa ya Papa Kabeya, jirani wetu wa ukuta kwa ukuta. Alifanya kazi na baba kwenye karakana moja ya mgodi, baba akiwa fita, yaani fundi mitambo, yeye fundi umeme. Wazee wake walitoka jimbo la mbali la Kasai zamani kuja kuchimba shaba, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, akaoa hapa, akazaa hapa. Kila Jumapili baada ya misa, baba alipita mlango wa mbele wa Papa Kabeya akisalimu kwa lugha ya Kasai, "Moyo wenu!" Alitaka tu kuwachekesha kwa matamshi yake mabaya. Papa Kabeya alijibu kutoka ndani, "Ingia, mutani wangu! Kiti yako iko inakungoja." Na kweli kulikuwa na kiti cha baba, chenye mto mwekundu, ambacho mgeni mwingine hakukalia.

Bintiye, Ngalula, alikuwa wa umri wangu. Kazi yake nyumbani kwao ilikuwa moja tu ya maana: kutunza sindano. Papa Kabeya aliogopa watoto wadogo wataivunja, basi kila muziki ulipokwisha aliichomoa, akailaza juu ya pamba ndani ya kiberiti kitupu, akampa Ngalula. Jumapili iliyofuata Ngalula aliileta kwa mikono miwili, akitembea taratibu, na hata mama yake hakuruhusiwa kuigusa. Nilimwonea wivu kwa kazi ile. Aka! Viatu vyake vipya sikuvijali, lakini kile kiberiti kilininyima raha. Sindano ikigusa santuri, baba alifumba macho, mguu wake ukaanza kupiga sakafu polepole. Wimbo ukiisha alimshika rafiki yake bega na kusema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, Kabeya." Alikuwa na sababu. Mdogo wangu alipolazwa, ni Papa Kabeya aliyekesha hospitalini na sisi.

Halafu mishahara ikaacha kuja. Mwezi wa kwanza watu walicheka, wa pili wakanung'unika, wa tatu hakuna aliyesema kitu. Poso, ule unga ambao mgodi uliwapa wafanyakazi wake, ukawa unakuja ukitaka. Baba, ambaye alikuwa mtu wa mizaha na mluzi, alinyamaza. Alikaa uani akitazama mikono yake. Mama akimwuliza kitu, anajibu "Ee." Mimi nikimwuliza kitu, hajibu kabisa. Nilidhani nimemkosea.

Wakati huo huo ikaanza kusemwa kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Vijana walipita mitaani na fimbo wakiimba nyimbo za matusi, wakiwaita wezi. Jioni moja mawe yalipita kwenye dirisha la Papa Kabeya, na moja likaangusha fono kutoka kwenye meza yake. Watu wazima walijua maana yake. Mimi, mjinga wa miaka tisa, nilisikia tu neno "kurudi kwao" nikafikiri ni likizo. Ngalula mwenyewe aliniambia watapanda treni na kulala ndani yake siku nyingi. Nililia kwa mama kwamba na sisi tuna kwetu, kwa nini hatuendi?

Wiki ile vitanda vya jirani vilitoka nje barabarani, na makabati, na masufuria, na watu wa mitaa mingine wakaja na mikokoteni kuvinunua kwa bei ya kutupa. Fono peke yake haikutoka. Papa Kabeya aliibeba mwenyewe pamoja na santuri zake, akaja nayo kwetu kwa mlango wa uani, mlango ambao hakuwahi kuutumia.

"Chukua," akamwambia baba. "Mi sitaki kuiona mu mikono ya bale bantu. Kwako nitajua iko fasi gani. Imeanguka, lakini wewe uko na mikono ya kutengeneza."

"Nitakupa nini, ndugu yangu? Unajua hali."

"Unga. Gunia moja tu. Batoto batakula nini mu treni?"

"Gunia moja utapata," baba akasema papo hapo. Wakapeana mikono.

Tulikuwa na magunia mawili ya poso, ya mwisho. Paa la stoo lilikuwa linavuja, na yote mawili yalikuwa yamelowa chini. Baba alitandika turubai uani akayamwaga, akaanza kuchambua. Unga mzuri upande huu, mweupe. Upande ule uliovunda, umegandamana mabonge ya kijivu, unanuka kama kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa kwenye ndoo. Akachukua gunia tupu, akamwita mama.

"Shika mudomo ya gunia."

Mama alitazama alipoanzia kuchota, akafunga mikono kifuani. "Hii mikono yangu, hapana."

"Tutakula nini basi?"

"Tutakula ile ya kuoza, sisi wenyewe. Mupe Kabeya ya muzuri. Ao umwambie kweli yote."

"Mwanamuke, uko na batoto batatu."

"Na yeye iko na bangapi?" Mama akaingia ndani.

Baba alibaki na koleo mkononi. Halafu akanitazama. "Mutoto, kuya ushike."

Nilishika. Tena nilishika kwa furaha, maana zilikuwa wiki nyingi hajaniita kwa kazi yoyote. Nilipanua mdomo wa gunia kwa mikono yote miwili, uso nimeugeuza pembeni kwa ile harufu, naye akamwaga unga mbovu wote chini, mpaka nusu. Juu yake akajaza mweupe, akaushindilia, akashona kwa uzi wa buluu. Nikamwuliza kwa nini ule mbaya unakwenda chini. "Banajazaka vile," akasema.

Jibu halikunitosha, nikajitafutia langu. Nikasema moyoni: mtu anakula akianzia juu. Ngalula na wenzake watakula unga mzuri njia yote, na wakikaribia kule chini watakuwa wamefika, bibi zao watawapikia vingine, huo mbaya watawapa kuku. Nilimwona baba ana akili sana. Na kwa kuwa kwetu msafiri haachwi aondoke mikono mitupu, niliamini kabisa kwamba gunia lile ni masurufu, zawadi ya njia, na fono ni zawadi yao kwetu ya kutukumbuka. Nilitangaza mtaa mzima. "Baba yangu amewapa unga, gunia zima!" Watu walinitazama, wengine wakageuza uso.

Wakaondoka na mkokoteni, Ngalula amekaa juu ya magodoro ananipungia mkono. Gunia letu lilikuwa chini yake.

Baba alianza kutengeneza fono kesho yake, na nasema ukweli, zile ndizo siku zangu nzuri kuliko zote za utoto. Ndiyo maana naona aibu maradufu. Alifungua skrubu moja moja akazipanga kwenye kifuniko cha sufuria, na kazi yangu ikawa kuzilinda. Alisafisha grisi ya zamani kwa mafuta ya taa, akatia tone la mafuta ya cherehani kila panapozunguka. Kile kigurudumu cha mpira kinachozungusha sahani kilikuwa kimekauka na kupasuka. Akakata pete nyembamba kutoka mpira wa ndani wa baiskeli yake, akaibandika kwa gundi ya pancha, akaisugua kwa msasa mpaka ikazunguka bila kuruka. Waya zilizokatika akazichomelea. Karatasi ya spika ilikuwa imechanika na lile jiwe. Alichana ukurasa wa daftari langu la hesabu, akaniambia nilete unga kidogo apike gundi. Nikauliza, upi? Akacheka. "Ya muzuri, mutoto. Ile ingine haishikake."

Alicheka! Alirudi kupiga mluzi. Akawa ananieleza kila chuma kinafanya nini, ananiita fita wangu mudogo. Nilijua kwamba siku fono ikiimba, baba atakuwa amerudi mzima, na hakuna nilichotaka duniani zaidi ya hicho.

Siku aliyoiunga na umeme, sahani ikazunguka vizuri, taratibu, haina kelele. Akainua mkono wa fono, akaugeuza kutazama chini ya kichwa chake. Hapakuwa na sindano. Palikuwa na tundu tu.

Alitafuta ndani ya sanduku. Alitafuta sakafuni. Kisha akakaa, akatazama mikono yake, na mluzi ukakatika. Siku mbili hakusema neno. Mimi nikajua mara moja iko wapi, na hasira ikanijaa mpaka kooni. Tumewapa gunia zima, nao wametubania kitu kidogo kama punje! Nikamwambia baba, "Ni Ngalula. Ameondoka nayo kwenye kiberiti."

"Bado hawajaondoka," akasema. "Treni haijafika. Beko kwenye gare mpaka leo."

Ilikuwa imepita zaidi ya wiki tatu tangu walipotoka kwao.

Alinipandisha kwenye baiskeli, tukatoka Katuba mpaka mjini, safari ndefu, na jua la asubuhi usoni. Karibu na gare, yaani stesheni ya treni, alisimama kwenye ukuta mmoja, akashusha mguu. "Mi nitangoja hapa. Enda useme, Papa anaomba sindano. Useme muzuri."

"Wewe huendi? Papa Kabeya atafurahi kukuona."

"Enda, mutoto."

Sikuwahi kuona watu wengi namna ile wamelala nje. Magodoro, maturubai yaliyofungwa kwenye uzio, masufuria juu ya mawe matatu, moshi, kikohozi cha watoto kila upande. Nilizunguka mpaka nikaona beseni la njano nililolijua. Mama Ngalula alikuwa amechuchumaa anasonga bukari, ugali wetu. Papa Kabeya alilala kwenye godoro, amefunikwa, uso ukutani. Alikuwa na homa. Ngalula aliniona kabla sijamwona. Akapiga kelele ya furaha, akaja mbio amefungua mikono.

Sikumsalimia. Sikumsalimia hata mama yake. Nilisema kwa sauti yangu yote, "Wewe ni mwizi! Umeiba sindano yetu!"

Mama yangu! Lile neno, mahali pale, wiki zile. Watu wa pembeni waligeuka, na mwanajeshi aliyesimama mlangoni naye akageuka. Mikono ya Ngalula ilibaki hewani.

"Mi siibi," akasema taratibu. "Papa alisema sindano njo kazi yangu."

Mama Ngalula aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alimtazama yule mwanajeshi, kisha mimi. "Ngalula," akasema, "leta."

Ngalula alimgeukia baba yake. Papa Kabeya hakugeuza uso. Aliinua tu mkono kidogo, akauangusha. Basi yule mtoto akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akatoa kiberiti, akanipa kwa mikono miwili, taratibu, kama Jumapili.

Nilikinyakua, nikageuka nikimbie.

"Unaenda wapi?" Mama Ngalula akaniita. "Mugeni anakuja kwangu, anaenda bila kula? Ikala."

Nilikaa, maana kwetu mtoto hakatai chakula cha mama wa mwenziwe. Alinimiminia maji ya kunawa kutoka kikombe kidogo, kidogo kidogo, na hata mimi niliona yalivyokuwa machache. Akaniwekea bukari pamoja na watoto wake, na majani machache ya sombe, yaani kisamvu. Nikamega tonge.

Lilikuwa chungu. Ile harufu ikanijaa puani, kitambaa cha kudekia, uani kwetu, uso wangu nimeugeuza pembeni na mikono yangu imepanua gunia. Nikainua macho. Gunia lilikuwa nyuma yake, limelala bapa, na uzi wa buluu wa baba ukining'inia kwenye mdomo. Walikuwa wamefika chini. Walikuwa wamefika chini ya gunia na treni haijaja. Mdogo wake Ngalula, wa miaka mitatu, alikuwa ananikabili anakula ule uchafu haraka haraka, anaramba vidole.

Nikamtazama Mama Ngalula. Naye alikuwa ananitazama. Alijua, bila shaka alijua tangu siku mwiko ulipogusa lile bonge la kwanza. Hakuna kilichobadilika usoni mwake. "Kula, mwana," akasema. "Iko chakula ya kwenu."

Nilimeza matonge matatu. Nilipoinuka akanishika mkono, si kwa nguvu. "Umwambie Papa yako, tumeshukuru kwa unga."

Baba alikuwa pale pale ukutani, amegeuzia baiskeli nyumbani tayari. Nilimpa kiberiti. Akakifungua, akaona, akakifunga. "Balisema nini?"

"Mama Ngalula amesema tumeshukuru kwa unga."

"Alisema vile?"

"Ndiyo. Na alinipa bukari. Nilikula."

Alitazama vidole vyangu, vilivyokuwa bado na mabaki ya bukari, kwa muda mrefu. Mimi nilingoja. Nyumbani tulikuwa bado na nusu gunia la unga mweupe, nililijua liko wapi, na nilijua kuhesabu: kwenda Katuba na kurudi na baiskeli, jioni haijafika. Sentensi yenyewe ilikuwa mdomoni. Baba, twende tulete ile ingine. Nadhani na yeye aliingoja. Lakini niliogopa kwamba nikiitamka atanyamaza tena miezi mingine, na sindano ilikuwa mkononi mwake, na nilitaka muziki. Nikapanda kwenye baiskeli. Tulipoingia Katuba alikuwa anapiga mluzi.

Mchana ule ule fono iliimba. Majirani waliobaki walikuja, baba akafungua kifuniko kwa madaha, akawaonyesha kile kipande cha daftari kwenye spika. Mama hakutoka jikoni. Na mimi, ambaye kinywa changu kilikuwa bado kichungu, nilicheza. Nataka hilo lijulikane. Hakuna aliyenilazimisha. Nilicheza mpaka jasho likanitoka, na baba akanipigia makofi.

Baada ya siku kadhaa tulisikia treni imewachukua. Hatukupata habari zao tena, wala hatukuzitafuta.

Baba aliisimulia hadithi ile maisha yake yote, kwenye ubatizo, kwenye harusi, kila chupa zilipofunguliwa: jinsi fono ilivyokosa sindano, na jinsi binti yake wa miaka tisa alivyokwenda peke yake kati ya maelfu ya watu akairudisha. Kila mara alimalizia hivi: "Na balitushukuru kwa unga. Haiko vile, mutoto?" Alikuwa ananitazama mimi peke yangu akiuliza. Nami nilijibu, "Njo vile, Papa." Mara ya kwanza niliona uso wangu unawaka. Baadaye nilizoea.

Siku ya mwisho ya matanga yake, chakula kilikuwa kinapakuliwa, watu wamechoka kulia, wakataka kidogo cha kucheka. Mjomba mmoja akasema, "Mutoto wa marehemu atusimulie ile ya sindano." Nilikuwa na nafasi. Baba yumo kaburini, hawezi kuaibika tena, na mimi ni mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa. Nikasimama. Niliwasimulia kama yeye, na mizaha yake, na sauti yake, wakacheka pale alipokuwa anawachekesha. Na nilipofika mwisho nikasema, "Na balitushukuru kwa unga."

Walipiga makofi wote, isipokuwa mama. Yeye alikuwa amefunga mikono kifuani, ananitazama. Nikaenda kwenye beseni la maji, nikanawa mikono kwa muda mrefu kama mtu aliyemaliza kula, na nilikuwa bado sijala.